Jijengee darasa lako kwa masomo ya bure ya mtandaoni

Masomo ya bure mtandaoni yamejaa tele, lakini wanaoyamaliza ni wachache. Uchunguzi wa kozi za MIT na Harvard, vyuo vikuu vya Marekani, zilizokuwa kwenye jukwaa la mtandaoni la edX, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba katika mwaka wa masomo 2017–18 ni kama 3% tu ya waliojiandikisha ndio waliofika mwisho. Miongoni mwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa karibu nusu. Video zilikuwa zilezile na mazoezi yaleyale. Bila shaka wengi wa waliolipa walikuwa na nia tangu mwanzo, lakini pia walikuwa na tarehe, na walikuwa na kitu cha kupoteza.

Shule humpa mwanafunzi vitu vinne asivyoviona mpaka avikose: mpangilio wa kipi kitangulie kipi, tarehe, mtu wa kusahihisha, na wenzake wa kuwauliza. Anayejisomea hana budi kuvitafuta mwenyewe. Vyote vinapatikana bila malipo, ila havipatikani mahali pamoja.

Anza na mtihani, kozi baadaye

"Nataka kujua hisabati" ni lengo lisilopimika. Liandike upya liwe jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulikagua: kupata alama fulani kwenye karatasi ya mtihani uliopita, kuunda programu inayofanya kazi fulani, kusoma makala ya kurasa mbili kwa lugha unayojifunza na kuieleza bila kamusi. Ukishaliandika, pakua karatasi mbili au tatu za mitihani ya aina hiyo. Moja uiache bila kuifungua mpaka siku ya mwisho.

Kisha jipime ulipo. Kwa hisabati na sayansi, njia nyepesi ni jaribio la kozi nzima kwenye Khan Academy, tovuti ya bure ya masomo na mazoezi, lenye maswali 30 yaliyochanganywa kutoka kila sura. Fanya la kozi iliyo chini ya ile unayoitaka, kwa kalamu na karatasi, bila kubonyeza kidokezo. (Ukifungua kidokezo, mfumo unalihesabu swali hilo kuwa umekosa, na ni haki.) Ukipata chini ya maswali 24, anzia hapo. Wengi huona aibu kushuka, wakaanza kalkulasi moja kwa moja, halafu wakakwama wiki ya tatu. Ukiangalia daftari zao, kalkulasi yenyewe wameielewa. Kilichowaangusha ni sehemu, vipeo na kutafuta vigawo, mambo ya miaka mingi nyuma.

Kozi moja iwe uti wa mgongo

Mshika mbili moja humponyoka, na huku mtandaoni watu hushika saba. Chagua kozi moja ndiyo ikuongoze, kitabu kimoja cha kuongezea mazoezi, na mahali pamoja pa kuuliza. Vingine vyote viandike kwenye orodha ya "baadaye" na ufunge kurasa zake.

Kozi inafaa kuwa uti wa mgongo ikiwa ina mambo matatu: mpangilio wa wazi, mazoezi yenye majibu, na majaribio. Mfululizo wa video bila mazoezi haufai hata kama mwalimu anafundisha vizuri namna gani.

Khan Academy inazo zote tatu kuanzia hisabati za mwanzo hadi za mwaka wa kwanza wa chuo. Uzuri wake mkubwa wengi hawauoni: ukipata zoezi lote sawa bado hupandi ngazi ya juu kabisa ya mada hiyo. Ni lazima ulipate tena swali la mada hiyo baadaye, kwenye jaribio lililochanganya mada nyingi. Kwa hiyo anayefanya mazoezi tu na kuruka majaribio hudhani mfumo una hitilafu, kumbe anaambiwa bado.

MIT OpenCourseWare, tovuti ya MIT ya kozi za bure iliyotangazwa mwaka 2001, ina zaidi ya kozi 2,500 na haidai hata kujiandikisha. Haina cheti wala mwalimu wa kukujibu. Kozi nyingi humo ni kumbukumbu za darasa lililokwisha fundishwa, kwa hiyo baadhi zina maswali yasiyo na majibu. Tafuta zenye herufi SC mwishoni mwa namba yake, kwa mfano 18.01SC ya kalkulasi. Hizo ziliandaliwa kwa ajili ya anayejisomea peke yake, zina mazoezi pamoja na majibu yake. Kabla ya kuanza kozi yoyote pale, fungua ukurasa wa mazoezi kwanza. Usipoona majibu, nenda kwingine.

Kwa uandishi wa programu, CS50, kozi ya Harvard ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, ni ngumu ila inajitosheleza: kazi zako zinakaguliwa na programu dakika ileile, na ukimaliza kupitia tovuti ya kozi yenyewe unapewa cheti bila malipo. freeCodeCamp, iliyoanza 2014, ni laini zaidi kwa anayeanza na sehemu yake kubwa hufanyika ndani ya kivinjari. Kwa vitabu, OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice ina vitabu vya kiada vya fizikia, biolojia, takwimu, uchumi na vinginevyo, PDF bila malipo, na vingi vya hisabati vina majibu ya maswali ya namba witiri mwishoni. Fanya namba hizo. Namba shufwa ziache kwa ajili ya kikundi.

Coursera na edX zina kozi nzuri, ila neno "bure" kule lina masharti. Kozi nyingine hukuruhusu kutazama video lakini hufunga mazoezi yanayosahihishwa, nyingine hukupa muda kisha hufunga mlango. Masharti hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma ukurasa wa kujiandikisha kabla ya kuweka kozi hiyo kwenye mpango. Ukiona mazoezi yamefungwa, tumia video zake pamoja na mazoezi ya OpenStax.

Piga hesabu ya saa

Chukua jumla ya saa za video uzidishe kwa tatu. Kozi yenye saa 30 za video itakula kama saa 90 ukijumlisha mazoezi, kurudia na kujipima. Kwa saa 5 kila wiki, hiyo ni wiki 18. Ukiona namba hiyo inakutisha, punguza kozi, usipunguze mazoezi. Hesabu wiki kwenye kalenda, weka jaribio kila wiki ya tatu, na umtumie mtu mmoja tarehe hizo kwa maandishi. Tarehe isiyojulikana na mtu mwingine huahirishwa kimyakimya.

Kipindi kimoja, dakika hamsini

Dakika 5 za kwanza: karatasi tupu, kila kitu kimefungwa. Andika unachokumbuka cha kipindi kilichopita, fomula, maana za maneno, hatua. Hutakumbuka vyote na hiyo haina neno. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu mara mbili na waliokisoma mara moja kisha wakajaribu kukiandika kwa kumbukumbu. Baada ya dakika 5 waliosoma tena walikuwa mbele, 81% kwa 75%. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka 56%, waliosoma tena 42%. Ndiyo maana kusoma tena kunadanganya. Kunakupa hisia ya kujua leo, na ukija kulitafuta jambo lenyewe wiki ijayo halipo.

Dakika 20: somo jipya. Mwalimu anapoandika swali la mfano kwenye video, isimamishe kabla hajaanza kulifanya. Jaribu mwenyewe dakika tatu, hata kama utaandika upuuzi, kisha mwache aendelee. Usinakili anachoandika. Ukihitaji kuandika, andika video ikiwa imesimama, kwa maneno yako.

Dakika 20: mazoezi, angalau matatu ya leo na mawili ya wiki iliyopita, yakiwa yamechanganywa. Maswali kumi ya aina moja yakifuatana hupatikana yote, kwa sababu baada ya la pili hufikirii tena njia ya kutumia, unazungusha mkono tu.

Dakika 5 za mwisho ni za daftari la makosa, na ukilazimika kukata kitu katika kipindi, usikate hiki.

Daftari la makosa

Huyu ndiye mwalimu wako wa kusahihisha, kwa hiyo mjenge vizuri. Kila kosa linapata mistari minne: swali, nilichoandika, kwa nini nilidhani ni sahihi, na dalili ambayo ingenishtua. Chukua mfano wa kosa la kawaida kabisa:

Swali: 1/2 + 1/3.
Nilichoandika: 2/5.
Kwa nini: nilijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kama ninavyofanya kwenye kuzidisha.
Dalili: 2/5 ni ndogo kuliko 1/2. Nimeongeza kitu, jibu limepungua. Haiwezekani.

Jibu sahihi, 5/6, ungeliona hata kwenye ukurasa wa majibu. Faida iko kwenye mstari wa nne, kwa sababu utakusaidia hata kwenye maswali ambayo hayana ukurasa wa majibu. Anayeandika "nilikosea, nitakuwa makini" hajaandika kitu. Umakini si sababu, na hauwezi kurekebishwa.

Pembeni andika tarehe tatu: baada ya siku 3, siku 10 na siku 30. Siku hizo lifanye swali hilo upya bila kuangalia. Likikukosesha tena siku ya 30, shida si swali, ni sura nzima. Rudi kwenye video yake.

Kadi za kujikumbusha, kwa kiasi

Kwa msamiati, majina, tarehe na fomula, tumia Anki. Ni ya bure kwenye kompyuta na kwenye Android kwa jina la AnkiDroid. Ya iPhone inauzwa, lakini unaweza kutumia AnkiWeb kwenye kivinjari. Programu hii inakuonyesha kadi pale tu unapokaribia kuisahau.

Wengi huiacha ndani ya mwezi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni idadi. Mpangilio wake wa mwanzo ni kadi mpya 20 kwa siku, na kadi mpya 20 kila siku huishia kuzaa marudio kama 200 kwa siku. Badilisha iwe 5. Ya pili ni kitufe: ukiwa umesahau kabisa, bonyeza kitufe cha kurudia, usibonyeze cha "ngumu". Kitufe cha "ngumu" maana yake umekumbuka kwa shida, na programu itakupeleka mbele. Anayekibonyeza kila anaposahau huwa na kadi mamia ambazo mfumo unadhani anazijua.

Kadi moja iwe na jambo moja. Kadi inayouliza "Eleza usanisinuru" haifai. Inayouliza "Ni gesi gani mmea huchukua katika usanisinuru?" inafaa. Na kadi za kupakua zilizotengenezwa na wengine hazina msaada mkubwa kama za kwako, kwa kuwa nusu ya kujifunza inafanyika pale unapotafuta namna ya kuuliza.

Intaneti ikiwa ya shida

Video ndiyo inayokula data. Sauti peke yake ya kilobiti 64 kwa sekunde ni kama MB 29 kwa saa, na video ya kilobiti 500 ni MB 225. Kwa somo ambalo mwalimu anazungumza tu, sauti inatosha. Kwa la ubaoni, shusha ubora hadi pale maandishi yanapoanza kuwa magumu kusomeka, kisha panda hatua moja.

Bora zaidi ni kupakua kwa mkupuo mahali penye mtandao mzuri. Kozi za MIT OpenCourseWare zina faili la kupakua lenye notisi na mazoezi. Programu ya Kiwix inakupa Wikipedia na maktaba nyingine katika faili za ZIM zinazosomeka bila mtandao. Hapa kuna mtego unaowakwamisha wengi: flashi au kadi ya kumbukumbu iliyoumbizwa (kuandaliwa kupokea faili) kwa mfumo wa FAT32 haikubali faili lolote linalozidi GB 4, hata kama ina nafasi ya GB 64. Kunakili kunakatika, na mara nyingi ujumbe unaotokea husema faili ni kubwa mno. Iumbize upya kwa mfumo wa exFAT, ukijua kwamba kilichomo kitafutika.

Kwa kundi la wanafunzi, tumia Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti. Kompyuta moja, hata ile ndogo ya Raspberry Pi, inapakua masomo mara moja, zikiwemo video na mazoezi ya Khan Academy. Baada ya hapo vifaa vingine vinaunganishwa nayo kwa Wi-Fi ya ndani, bila intaneti kabisa, na kila mwanafunzi anafungua kwa kivinjari. Mwalimu anaweza kupanga masomo, kutoa jaribio na kuona nani amekwama kwenye swali lipi. Masomo yanaweza pia kubebwa kwa diski kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Chagua sura unazohitaji tu, maana ukiagiza chaneli nzima diski itajaa kabla hujamaliza.

Wenzako

Watu watatu hadi watano, saa moja kwa wiki, siku isiyobadilika. Zaidi ya hapo wawili watanyamaza mpaka mwisho. Msitazame video pamoja, hiyo ni kazi ya nyumbani. Kila mmoja aje na swali moja, asimame alifanye mbele ya wengine bila daftari, na wengine waulize "kwa nini" kila hatua. Atakayeshindwa kueleza amepata kazi ya wiki.

Ukiuliza kwa watu usiowajua mtandaoni, weka swali kamili, ulichojaribu, na hatua ambayo hapo ndipo ulipopotea. "Sielewi kalkulasi, nisaidieni" haijibiki. Programu za akili bandia nazo zinafaa ukizitumia kama mwenzako wa mazoezi: iambie ikuulize, isikupe jibu, na ipitie hatua zako itafute kosa. Majibu yake hasa ya hesabu na tarehe yahakiki, kwa sababu hukosea kwa ujasiri uleule inaopatia.

Kwa watoto, na kwa njia zisizo za shule ya kawaida

Kabla ya kumtoa mtoto shuleni, soma sheria ya nchi unayoishi. Ziko nchi zinazoruhusu elimu ya nyumbani kwa taarifa tu, ziko zinazotaka ukaguzi wa kila mwaka, na ziko kama Ujerumani ambako mtoto lazima ahudhurie shule.

Halafu hakikisha mlango wa kutokea. Akifikia umri wa mitihani ya taifa au ya kimataifa atalazimika kusajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, na usajili hufungwa miezi kadhaa kabla. Masomo yenye mtihani wa vitendo, kama kemia, ndiyo yanayosumbua, kwa kuwa si kila kituo hukubali mtahiniwa wa nje maabarani. Tafuta kituo kwanza, ndipo uchague mtaala.

Kuhusu mbinu, usinunue jina, chukua kinachofanya kazi ndani yake. Kwa Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma mwaka 1907, chukua muda mrefu usiokatizwa: darasa lake hupewa hadi saa tatu mfululizo ambazo mtoto huchagua kazi na kuimaliza. Vifaa vyake vya mbao ni vizuri lakini vinaweza kuigwa kwa maharage na kadibodi. Kwa Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza, chukua masomo mafupi na kusimulia: mtoto husomewa kifungu mara moja tu, kisha anakisimulia chote kwa maneno yake. Ni kujipima kulekule kwa karatasi tupu, kwa mdomo. Wafuasi wa John Holt, mwalimu na mwandishi wa Marekani, humwachia mtoto ajifunze anachotaka wakati anaotaka. Hiyo hustawi kwa mtoto ambaye tayari anasoma vizuri na mzazi aliye na muda mwingi. Kusoma na kuhesabu kwa mwanzo kunahitaji mazoezi ya kila siku yaliyopangwa, dakika 15 au 20, upende usipende.

Skrini kwa mtoto wa chini ya miaka kumi iwe sehemu ndogo ya siku, na mkae pamoja. Akiachwa peke yake na mazoezi ya kubofya, hugundua upesi kwamba kubahatisha ni haraka kuliko kufikiri. Dalili yake ni majibu yanayotoka kwa sekunde mbili mbili.

Ukiacha wiki mbili

Utaacha, kila mtu huacha. Usirudi pale ulipoishia. Fanya upya jaribio la mwisho ulilofaulu: ukilipata, songa mbele, ukilikosa, anza na sura ulizokosea. Kwenye Anki utakuta kadi mia tatu zinakusubiri. Weka kadi mpya ziwe 0, weka kikomo cha marudio 50 kwa siku, na usiguse mpangilio huo mpaka rundo liishe. Kisha chukua kalenda, sogeza tarehe zote mbele kwa wiki mbili, na umtumie yule mtu tarehe mpya.